Jina la Idrisa darasani

Leo marehemu ameingia darasani.

Naandika nikiwa bado kwenye shamba la viazi hapa Iwawa, maana ndipo mtandao unapokamata. Tangu chuo kifungwe kwa sababu ya korona tunasomea kwenye simu, na mimi sijawahi kulipenda darasa hilo.

Saa nne asubuhi, ukungu mzito, Dokta, mhadhiri wetu, anafundisha. Mara jina likatokea kwenye orodha ya walioingia: Idrisa.

Idrisa tulisoma naye. Alizikwa Makambako wiki mbili zilizopita.

Kisha maiki ya Idrisa ikafunguka, tukasikia mtu anapumua.

“Idrisa?” Dokta akauliza.

Nikaisogeza simu sikioni.

“Ni mama yake,” sauti ikajibu taratibu. “Simu yake hulia kila kipindi kikianza. Leo nimebonyeza, nisikie mwanangu alikuwa anasikiliza nini.”

Hata pole tulisahau kumpa.

Dokta akakohoa. “Karibu, mama. Tuko kwenye magonjwa ya mahindi.”

Kipindi kilipoisha hakuna aliyetoka. Jina lile lilibaki pale, nasi tukabaki nalo.

Kesho nitaingia mapema.

Ninyi mngemwambia nini mama huyo?