Bega la Mbuzi na Nyumba ya Tata

Tata, dada mdogo wa baba yangu, alikaa na mume wake kule Mukurweini hadi watoto wao wakawa na watoto. Kahawa aliyoichuma kwenye shamba lile nadhani imenywewa na nusu ya dunia. Lakini mume wake, sasa marehemu, hakuwahi kumfanyia ngurario, ile sherehe ambayo mume hukata bega la mbuzi mbele ya wazee ndipo watu wakubali mmeoana. Kila mwaka alisema mwaka ujao.

Baada ya mazishi, mashemeji zake wawili wakaja. Mkubwa akasema, "Hakuna mbuzi, hakuna bibi. Panga vitu zako."

Kinachonishtua hadi leo ni kwamba hakuna aliyebisha. Baba aliinamisha kichwa, akasema mbuzi ni mbuzi. Hata mimi, niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu zangu, nikijiona profesa wa mlima wote, niliamini hiyo ndiyo sheria ya Kenya. Nikamsindikiza Tata hadi Nyeri kutafuta pikapu ya kuhamisha vitu.

Karibu na korti tulikuta hema, mawakili wakieleza watu sheria bure. Tata alitaka kiti tu, apumzishe miguu. Msichana mmoja, wakili, alikuwa ameshika kipaza sauti akiongea Kiswahili na Gikuyu, bila hata tone la kile Kilatini cha mawakili. Akasema mtu akifa, hakuna ruhusa ya kugawa shamba lake wala kufukuza watu wake kabla korti haijaamua warithi. Anayejishikia mali anaweza kushtakiwa.

Tata akainua mkono. "Na kama mbuzi haikuchinjwa, mami?"

"Mlikaa pamoja, mama? Mkazaa? Majirani walikuita nani?"

"Bibi yake! Wangeniita nani, mpangaji?"

"Basi korti inaweza kukuhesabu mke. Na watoto wake ni warithi, mbuzi awepo asiwepo. Rudi nyumbani, usitoke. Wakija, enda kwa chifu."

Mdomo wangu ulifunguka hadi lori la majani chai lingegeuzia ndani. Kisha mama mmoja huko nyuma akasema, "Uuui! Na mimi nilitoka."

Pikapu hatukuitafuta tena; tulirudi nyumbani kwa Tata. Jioni mashemeji wakafika na kufuli mpya. Tata akawaambia yote mlangoni, nami nikaongeza jela kidogo hapa na pale.

"Nani amekudanganya?" mkubwa akauliza.

"Wakili. Twende kwa chifu saa hii, akuambie mwenyewe."

Hakutaka kwenda. Aligeuzageuza ile kufuli, akaondoka nayo bila kuaga. Mdogo alibaki, akaingia ndani na kuketi kwenye godoro tulilokuwa tumelifunga kamba, uso umemshuka.

"Ati hata wangu," akasema polepole, "na sijamkatia bega, ni bibi kabisa?"

"Hata wako. Sasa inuka kwa godoro yangu nitandike."