Matundu ya Chini ya Mlango

Maji yakifungiwa ndani ya mlango wa gari hayapigi kelele. Hucheka chinichini. Gari likipinda, yanakimbilia upande mmoja. Likinyooka, yanarudi polepole kama maji ya kibuyu kinachotikiswa na mtu asiye na haraka. Sauti hiyo niliisikia nikiwa na miaka kumi, karibu msimu mzima wa mvua ndefu, nimekaa kiti cha mbele kando ya mama yangu kwenye barabara ya Namanga. Hadi leo ukitikisa chupa ya maji nyuma yangu, nitageuka kabla sijajua kwa nini nimegeuka.

Tulikaa Kitengela, wakati bado kulikuwa na nafasi ya upepo kupita kati ya nyumba na nyumba. Mama alikuwa na gari kuukuu la kwenda porini, limeinuka juu ya magurudumu yake, la rangi ya kijani iliyochoka. Wanawake wa Bisil waliliita Sidai, yaani zuri kwa Kimaa, na mpaka sasa sijui kama walikuwa wanalisifu au wanalitania. Kila Jumamosi Mama alipakia magunia ya chumvi ya ng'ombe na dawa za kupe, akawapelekea wafugaji wa Bisil na wa maboma ya ndani, kule ambako gari dogo lingekwama kabla dereva hajamaliza kujuta. Alikuwa akishuka anasalimia "Takwenya" kwa ulimi wake wa Kikuyu, wanawake wanaitikia "Iko" huku wakimcheka, naye anacheka nao. Kazi hiyo ilikuwa furaha yake, na bila gari hilo isingekuwapo. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Magunia yalivuja, chembe za chumvi zikajificha chini ya mazulia ya mpira, matope ya viatu yakaleta maji, na huko chini bati likaliwa taratibu bila mtu kuona. Siku moja zulia la upande wangu lilisogea, nikaiona barabara ikikimbia chini ya miguu yangu. Nilifurahi mno. Nilidondosha maganda ya njugu kwenye tundu lile kutoka Isinya hadi mjini Kajiado, mpaka Mama akauliza ni upepo gani unaompuliza miguuni.

Baba hakufurahi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye methali ya kila jambo, na alikuwa amelichoka gari lile. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia Mama jioni ile tukila. "Na hii gari, Mama Nyambura, imebaki ufa peke yake. Ukuta iliisha." Wiki iliyofuata alimleta mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Kware, mwanamume mwembamba aliyelizunguka gari akiligonga kwa ufunguo, kila mahali, akisikiliza kama daktari. Mama alisimama mlangoni na mikono kiunoni. Mwisho walikubaliana hivi, mbele yangu: gari lingetengenezwa mara moja tu, na mvua ikiisha Baba angelipima kwa kidole gumba chake. Likipatikana tundu jipya, hata la kupitisha punje ya maharagwe, linakwenda Kware. Mama alikubali haraka mno, na mimi niliyemjua niliona kwamba anaogopa.

Fundi wetu wa bodi aliitwa Parsaloi. Alikuwa amechunga ng'ombe karibu na Bisil kabla ya kujifunza kuchomelea, na magari aliyaongelea kana kwamba yana mkia. "Kutu ni kama kupe," alituambia. "Ukipaka dawa juu ya manyoya na haijafika kwa ngozi, haujafanya kitu." Kwa hiyo kwanza tuliosha. Tuliosha kwa bomba mara tatu, juu, chini na kwenye mikunjo yote, ili chumvi itoke. Kisha gari likaachwa juani siku mbili milango wazi, mazulia yametandazwa juu ya ua kama nguo. Baada ya hapo ilikuja brashi ya waya, ukaja msasa, mpaka kile kilichokuwa cha kahawia kikawa cheupe kinachong'aa. Sakafu ya upande wangu ilipigwa kiraka cha bati nene, nikabaki bila dirisha langu la miguuni. Parsaloi alipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na gari likasimama pale jekundu kuanzia tumbo hadi madigadi. Akasema sasa limekuwa moran, shujaa wa Kimaasai, limekosa mkuki tu. Juu ya nyekundu akapiga kijani kipya. Mwisho alipulizia oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini, chini ya chesisi na ndani ya mbavu zake, akamwambia Mama aendeshe kwenye vumbi mpaka vumbi lishike na kuwa ngozi. Harufu ya oili ile ilikaa kwenye nywele zangu mpaka Jumatatu, na shuleni nilijivunia kuliko mafuta yoyote ya kujipaka.

Kosa langu lilikuja siku ya rangi. Parsaloi alinipa mkebe wa fila, ule udongo laini wa kuzibia bati, na kipande cha plastiki cha kusawazishia. "Kila tundu dogo utaona huko juu, ziba," alisema, akimaanisha alama za skrubu za keria ya mizigo ya zamani kwenye paa. Nilimaliza zile za paa mapema, nikaona kazi imenogea, nikatafuta nyingine. Chini ya kila mlango wa mbele nikakuta matundu matatu. Yalikuwa yamepangwa sawasawa, ya ukubwa mmoja, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye akili, kwa maana kutu haijui kupima. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na methali ya Baba, na rohoni nilikuwa ninamwokoa Mama. Nikayaziba yote sita. Mama alipita na kikombe chake cha chai, akainama akaangalia, akasema, "Kazi safi, Nyambura." Sifa ile ilinipa kiburi cha siku tatu.

Jina langu katika Kikuyu ni la mvua, na mwaka ule mvua ilinijia kama jamaa anayedai kukaribishwa. Ilinyesha vizuri, nyasi zikarudi mpaka ng'ombe wa Bisil wakanenepa, na Mama akauza akiimba. Kisha sauti ikaanza mlangoni mwangu. Mpira wa kioo upande wa kushoto ulikuwa umechoka, maji yakiingia juu na kushuka ndani. Sikuelewa hadi siku nilipopita kwa Parsaloi nikamkuta akichokoa matundu ya mlango wa gari la mtu mwingine kwa waya. Nikamuuliza anafanya nini. "Hapa ndio maji hutokea," alisema bila kuinua macho. "Ikizibwa, mlango inaoza kutoka ndani." Nilimwambia asante, nikaenda nyumbani nikayahesabu yale sita niliyoyaziba.

Laiti ningesema siku ile ile. Sikusema, kwa wiki tatu. Kila tulipokaribia kona nilianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu, na Mama akafikiri nimejaliwa roho ya kwaya, akawa ananiongezea sauti ya pili. Kisha rangi ya chini ya mlango ikatoka malengelenge, madogo, kama ya mtu aliyeungua kwa uji. Nikayapaka matope ili yaonekane ni uchafu wa safari. Leo ninajua kuwa matope yale yenye chumvi yalikuwa chakula kingine cha kutu. Nilikuwa ninaficha ugonjwa kwa kuulisha.

Jumamosi ya mwisho ya mvua tulikuwa tunarudi kutoka Bisil, gari tupu, jua limetoka. Mama alipigapiga dashibodi kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe. "Kesho Baba yako ataangalia," alisema, "na hataona kitu." Alikuwa na uso wa msichana. Kona ikaja, mlango ukacheka, na safari hii sikuimba. Nikasema, "Mama, hiyo maji ni mimi nimeifungia," nikamweleza yote, mpaka matope.

Aliegesha kando ya barabara. Alitoa bisibisi chini ya kiti, akaja upande wangu, akapiga magoti kwenye nyasi, akaichomeka kwenye fila ya kwanza. Maji yalitoka mekundu kama strungi, chai isiyo na maziwa, mengi, yakamlowesha sketi, na akatoboa la pili na la tatu, kisha akaenda kuyatoboa ya mlango wake, yaliyokuwa makavu. Nilisubiri kofi. Akafuta mikono kwenye kitambaa chake cha kichwa. "Si nilikuwa nimesimama pale?" alisema. "Nikakuambia kazi safi. Hata mimi sikujua." Nikaanza kulia kwa nafuu, lakini hakuwa amemaliza. "Sasa niambie. Wakati ulikuwa unaimba, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. "Basi hiyo ndiyo imeniuma. Sio mlango." Tulirudi hadi Kitengela bila wimbo na bila sauti ya maji, na sijawahi kuwa na aibu kubwa kama ile ya ukimya ule.

Jumapili baada ya kanisa mtu wa Kware alikuwa amefika tayari na ufunguo wake. Baba alikunja mikono ya shati akaanza mbele, kama mwalimu anayesahihisha kuanzia swali la kwanza. Mama angeweza kunyamaza. Pengine kidole gumba kingepita. Badala yake alisema, "Baba Nyambura, anza na hapa," akamwonyesha chini ya mlango wa kushoto, alipokuwa amepaosha kwa mkono wake mwenyewe. Baba akabonyeza. Rangi ikapasuka, vigamba vya kahawia vikaanguka, na pale pakabaki tundu. Hakuna aliyehitaji punje ya maharagwe ili kulipima.

Mtu wa Kware alikohoa kwa heshima. Mimi nikajitokeza, nikasema ni mimi niliyeziba njia za maji, na nikajua nikaficha. Baba aliacha kubonyeza. "Nani alikuambia uzibe?" Nilitamani kumtaja Parsaloi, lakini ukweli ulikuwa mwingine. Nikasema, "Ni wewe, Baba. Usipoziba ufa." Mama aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika, na nikagundua kwamba anacheka. Baba alichuchumaa, akachungulia yale matundu matatu aliyoyafungua Mama, akapitisha kidole kutoka moja hadi lingine. Kisha akaliendea bati lote lililobaki, paa, sakafu, madigadi, akabonyeza kila mahali kwa nguvu, na kila mahali pakamkatalia. Alipomaliza alimgeukia mgeni.

"Hii tundu si ya gari," alisema. "Ni ya Nyambura. Na Nyambura hatuuzi."

Mtu wa Kware alikunywa chai pamoja nasi, akasifu maandazi, akaenda zake.

Miaka imepita mingi tangu siku hiyo. Kitengela imejaa magorofa na mageti, na pale palipokuwa karakana ya Parsaloi pana duka la vigae. Baba amestaafu, bado ana methali, ila ile ya ufa huitoa kwa tahadhari, akinitazama kwanza. Mama magoti yanamsumbua, usukani ameniachia mimi. Sidai anaishi. Siku hizi kuna dawa za kutu za kupulizia kutoka kwenye mkebe, safi, haziachi harufu kwenye nywele, nami nazitumia. Lakini kabla ya kila msimu wa mvua bado ninaosha chumvi kwa bomba mara tatu, ninainua mazulia, na kuchokoa matundu ya chini ya milango kwa msumari ninaoufunga pamoja na funguo za gari. Kile kiraka cha mlango wa kushoto, alichokichomelea Parsaloi Jumatatu iliyofuata, mafundi vijana wamenisihi nikubali kisawazishwe. Nimekataa. Kinanikumbusha kwamba wazazi wangu waliponiona na kosa langu mkononi, walihesabu kosa ni dogo kuliko mimi.

Mwezi uliopita mvua ilitukuta njiani tukitoka Bisil, nzito, ya kutupofusha kioo. Mama alikuwa kiti cha kushoto, kiti changu cha zamani. Karibu na Isinya mvua ikakatika, na mbele yetu kona ile nilipokiri ikatokea. Hatukuambiana kitu, lakini wote wawili tulinyamaza, Mama akainamisha kichwa kidogo kuelekea mlangoni. Nikapinda. Tulisikiliza mpaka gari likanyooka, na mlango haukusema neno. Hapo ndipo Mama alipoanza kuimba, nami nikampa sauti ya pili.