Masizi ya Mukaka

Mama yangu ni mweupe. Si weupe ule wa mafuta ya sokoni, ni wa kuzaliwa nao. Mbele ya mvi, nywele zake zilikuwa na rangi ya majani ya mahindi makavu. Hapa Butembo, mu mutaa wetu wa Kimemi, batoto banamuita muzungu tangu miye niko mudogo. Yeye anabajibu: "Muzungu gani anatwanga majani ya sombe?" Bote banacheka, na yeye pia. Mais miye nilijua kwamba kile kicheko hakifiki ndani.

Baba yake alikuwa muzungu wa shamba, moja wa bale bakoloni benye balikuwa banalima kahawa upande wa Beni, kule chini kwenye joto. Hatukujua zaidi. Mukaka, ndivyo kwetu Banande tunamuita mama wa mama, hakumutaja hata siku moja. Ukimuuliza anainuka, anaenda kuchochea moto. Alikufa na kimya chake chote.

Na juu ya batoto bake bengine pia hatukumuuliza. Kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na hata mwenye alikufa anahesabiwa. Mama ana jina la binti wa tatu, wakati alikulia peke yake mu nyumba. Basi tulielewa kama babili ba mbele balikufa. Nani anauliza mwanamuke juu ya makaburi ya batoto bake? Ni kukosa adabu. Tulinyamaza, maisha yakaendelea.

Kitu chenye kilimuuma mama kilikuwa kingine. Mukaka alikuwa anamupaka masizi. Motokari ikisikika tu barabarani, mukaka anakwangua masizi chini ya chungu, anachanganya na mawese, anamupaka mutoto uso, shingo, mikono, mupaka nyuma ya masikio. Kisha anamusukuma mu migomba: lala chini, usikohoe. Nywele alikuwa anamunyoa na wembe kila zikianza kuota. Mama alinisimulia ile habari nikiwa mutoto, akanisimulia tena nikiwa tayari na batoto bangu, na kila mara alimaliza na neno lile lile: "Mama yangu mwenyewe alikuwa anasikia haya juu yangu."

Mwaka jana aliugua kifua, tukafikiri anaenda. Alipopata nafuu aliniita kando ya kitanda.

"Wewe unajua Kifaransa ya bazee. Enda Beni, ku bureau ya mashamba. Unitafutie karatasi ya baba yangu."

"Ya kufanya nini, mama? Unataka shamba?"

"Shamba ya nini na haya magoti? Nataka kujua kama alinitaja. Ni ile tu. Mama alinisikilia haya. Pengine ule mwingine hakusikia haya."

Miye ni mwalimu, na hasira yangu iko karibu, kila mutu wa Kimemi atakuambia. Nilitaka kumujibu kwamba baba mwenye alimutaka mutoto angepanda kilima kuja kumuona. Nikafunga kinywa. Mama alikuwa ameomba neno moja tu, na pumzi yake ilikuwa bado inapiga filimbi.

Nikashuka Beni. Ukitoka kwenye baridi yetu, unavua pulover njiani, na karibu na muji unaona kakao imeanikwa kwenye mashitingi ya plastiki kando ya barabara, na basoda benye bunduki bamesimama ku bariyeri banatazama nani anapita. Siku ya kwanza ku bureau baliniambia mukubwa hayuko. Siku ya pili mukubwa alikuwako, lakini ufunguo haukuwako. Siku ya tatu nikaweka kiti changu mbele ya mulango, nikasema kwa sauti ya darasani: "Bon. Mutanikuta hapa." Bakafungua.

Sikujua namba ya shamba. Nilijua jina la kilima na jina la mutoni, yote mawili kutoka kinywa cha mama. Basi niligeuza dosye, mafaili ya zamani, moja moja, na vumbi ilinifanya nipige chafya mupaka bale ba bureau bakachoka kuniambia pole. Ramani ikatokea: mutoni ni ule, kilima ni kile. Shamba lilikuwa la muzungu, kisha la mutoto wa ndugu yake kule Ubelgiji, kisha la Serikali, kisha la mucuruzi, mufanyabiashara moja wa hapa. Na juu ya kulihamisha toka kwa marehemu kwenda kwa ule mutoto wa ndugu, balikuwa bameambatanisha kopi ya wosia.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nyumba, ametaja. Mashine ya kukoboa kahawa, ametaja. Bunduki mbili. Kinga, ni kusema baiskeli, kwa mupishi wake. Mbwa apewe jirani, na jina la mbwa limeandikwa vizuri kabisa. Ala! Mbwa! Nikashuka na kidole mustari kwa mustari, natafuta jina la mama yangu, ama neno "binti yangu", ama kitu chochote. Karibu na mwisho nikakuta: masista ba misioni fulani bapewe kitu juu ya batoto babili ba kike benye alizaa na mwanamuke wa hapa, benye Serikali ilichukua.

Nilikaa chini. Kumbe alikuwa na batoto bengine. Kumbe alijua kukumbuka, mais alibakumbuka bale, mama yangu akamusahau. Nilichukia ule mutu kama vile yuko mbele yangu. Nilinakili ile mistari, nikarudisha dosye, na njia yote ya kupanda Butembo nilikuwa natafuta namna ya kudanganya mama. Nimwambie karatasi iliungua? Nimwambie panya? Batu bengi bangeniamini, juu ya hali ya ma bureau yetu. Mais mama ananijua.

Nilimukuta uani mu lupango, kitenge mabegani, anachambua maharagi ku lungo. Hakunisalimia hata.

"Alinitaja?"

"Hapana, mama. Hakukutaja. Pole."

Akaokota jiwe dogo kati ya maharagi, akalitupa. "Alitaja nani?"

"Mbwa," nikasema, juu ya hasira. "Na mupishi. Na batoto babili ba kike, ba mwanamuke mwingine, benye Serikali ilichukua ikapeleka kwa masista."

Mikono yake ikasimama.

"Karatasi inasema mwanamuke mwingine?"

Nikatoa mistari yangu, nikavaa miwani. Ilikuwa imeandikwa: mwanamuke wa hapa. Lile neno "mwingine" nilikuwa nimelitia miye mwenyewe.

"Soma tena," mama akasema. Nikasoma tena.

"Babili. Ba kike." Akanitazama kama mwanafunzi wangu mwenye kichwa kigumu. "Na miye jina yangu ni ya ngapi?"

Yo! Kila mutu muzima kwetu anajua habari ya zile motokari. Wakati wa Babeleji zilikuwa zinapita mu vijiji kukusanya batoto bametisi, benye baba muzungu na mama mweusi, zinabapeleka misioni, mbali na mama zao, na kurudi hakuna. Nilikuwa najua ile historia, nilikuwa hata nimeifundisha darasani. Na jina la mama nimelitamka maisha yangu yote. Mais mbele ya karatasi ya muzungu nilisahau kuhesabu namna mukaka alihesabu.

"Habakufa," mama akasema pole pole. "Balibeba moja, bakabeba na wa pili. Na miye nilikuwa mu tumbo. Njo mama akakimbia. Alipanda huku kwenye baridi na tumbo yake, hakuaga mutu. Ule muzungu hakujua hata kama niko. Atanitaja namna gani?"

Nikakunja karatasi yangu.

"Na yale masizi," akasema. Akaweka mukono ku shavu lake, pale penye mukaka alikuwa anaanzia kupaka. "Masizi, ee mama. Na miye nasema haya, haya, maisha yangu yote nasema haya. Na kwenye kilio yake nilisema."

Akalia. Sijamuona mama akilia vile hata siku ya kumuzika baba yangu. Maharagi yakamwagika, kuku bakakuja, hakuna mwenye alibafukuza. Miye pia nililia, kwa uchungu na kwa hasira, juu ya mwanamuke mwenye alichochea moto miaka yote ile tukifikiri ana moyo mugumu, kumbe alikuwa anaogopa kwamba akifungua kinywa, motokari itasikia. Hata Babeleji balipoenda, hakuacha kuogopa.

Alipotulia nikamwambia tena pole, kwamba jina lake halimo.

"Pole ya nini?" Alikuwa anapangusa pua na kitenge. "Uchungu ya mutoto, mwenye kuzaa njo anajua. Kama ningekuwa mu ile karatasi, mama angekufa bila mutoto hata moja. Na wewe ungezaliwa na nani? Okota maharagi."

Nikapiga magoti, nikaokota. Ng'ambo ya lupango batoto ba jirani balikuwa banarudi toka masomo, bakachungulia kati ya miti, bakapiga kelele kama siku zote: "Muzungu! Muzungu!" Nikangoja ajibu ile ya sombe.

"Hapana," mama akabaambia. "Miye ni wa tatu."