Zamu ya Mama Pasi

Kwa miaka kumi na tisa alifua mashuka ya chumba cha upasuaji. Wenzake walimwita Mama Pasi kwa kuwa hakuna aliyenyoosha shuka la kijani kama yeye, na kwa kuwa ulimi wake nao ulikuwa wa moto. Damu za watu alizizoea. Alizitoa kwa maji baridi na sabuni ya kipande huku akipiga soga. Iliyomtisha ni yake mwenyewe, alipoiona chooni asubuhi moja kabla ya kwenda kazini.

Akajiambia ni bawasiri, akanyamaza nayo miezi minne. Tumbo likawa linasokota, sketi zikampwaya, wenzake wakamtania kwamba kapata mpenzi mpya. Mumewe, fundi viatu asiye na maneno mengi, ndiye aliyembana.

"Unakonda, mke wangu. Mimi si kipofu."

"Ni kazi tu."

"Kazi si ile ile ya mwaka jana?"

Kesho yake akaenda kupimwa. Majibu yalipotoka, daktari wa upasuaji hakuzungukazunguka. "Mama, ni saratani ya utumbo mpana. Uvimbe bado uko mahali pamoja. Tukiwahi kuutoa, una nafasi nzuri. Nimekuandika wiki tatu kuanzia leo."

Akajikaza kisabuni, akarudi kwenye beseni zake.

Siku ilipofika alikuwa hajala tangu jana yake, kavaa gauni alilolinyoosha kwa mkono wake. Saa tano akaambiwa alivue. Mjamzito kaletwa anavuja damu, na daktari wa usingizi alikuwa mmoja tu. Hakununa. Alasiri aliposikia mama na mtoto wako salama, alifurahi kwa dhati.

Mara ya pili, mtambo wa kuchemshia vifaa ukafa. Hilo alilijua kabla ya daktari, maana mtambo ulikuwa upande wa pili wa ukuta wa dobi, na wiki nzima alikuwa akiusikia ukikohoa. Kipuri kikaagizwa, kikaja kisichofaa, kikaagizwa tena. Wiki sita zikaenda hivyo. Ulipopona, wagonjwa walikuwa wamerundikana, naye akapigwa kalenda tena.

Nesi mkuu, rafiki yake wa siku nyingi, akamvuta pembeni.

"Wewe ni wetu. Nikusogeze Alhamisi, nimshushe mzee aliyepangwa siku hiyo?"

"Mzee anaumwa nini?"

"Kama wewe."

Mama Pasi alikunja shuka alilolishika, akalikunjua tena. "Mwache," akasema.

Hakujiona mtu mwema. Alikwenda nyuma ya kamba za nguo akalia, akatamani angesema ndiyo. Mara mbili aligeuka kumfuata nesi, mara mbili miguu ikagoma.

Alipasuliwa mwezi wa tano tangu aandikwe. Siku ya tatu baada ya hapo daktari akavuta kiti kando ya kitanda.

"Kipande cha utumbo tumekitoa. Lakini saratani imeshafika kwenye ini."

"Ile tarehe ya kwanza, ungeikuta huko?"

Daktari aliangalia mikono yake. "Sina hakika, mama. Picha za wakati ule zilionyesha ini safi."

"Basi umeshanijibu."

"Ndiyo."

"Asante kwa kutonidanganya."

Alirudi dobi kwa wiki chache, akikunja nguo kwa kukaa. Kila aliyeingia, awe nesi au mfagiaji, Mama Pasi alimuuliza bila haya choo chake kikoje. Wengine walicheka. Mdogo wake alimwambia anawaaibisha. "Mimi aibu iliniweka miezi minne," akamjibu, "na hospitali ikaongeza mitano." Kisha mguu ukavimba, macho yakageuka manjano, akabaki nyumbani. Mumewe alihamishia meza yake ya viatu chumbani ili amsikie akiita. Alifariki miezi kumi baada ya upasuaji, asubuhi, mume akiwa amemshika kisogo ili anywe maji.

Matanga yalipokwisha, fundi viatu alivaa shati lake la kutokea akaenda ofisi ya mkuu wa hospitali. Alitaka kujua kwa nini mkewe alisubiri miezi mitano. Akapewa kiti na maneno ya pole, akaambiwa mkubwa yuko kikaoni. Alikaa mpaka ofisi ikafungwa. Siku iliyofuata akarudi.