Upepo wa Safari ya Mulungwishi

Mume wangu alipofariki, ndugu zake walikuja kuchukua sanduku lake la vyombo vya kazi, kama desturi inavyotaka. Gari waliniachia, tena kwa kununa. Mmoja aliuliza mjane atalipeleka wapi. Moyoni nilikula kiapo: siku ya misa ya kumaliza matanga, kule kwao Mulungwishi alikozikwa, nitafika nikiliendesha mwenyewe, wao wamesimama mlangoni wananiona.

Marehemu alikuwa fundi wa mashine za kushindilia upepo kiwandani hapa Shituru, na mambo ya kazi aliyaleta mpaka nyumbani. Kila Jumamosi, kabla hata ya chai, alichuchumaa kwenye tairi na manometa yake, kile kipimo cha upepo, mimi nimesimama pembeni na kikombe chake.

"Bar moja," alinifundisha, kama vile nimemuomba, "ni huu upepo wote wa mbinguni wenye kutukalia pa kichwa. Tunaubeba bila kusikia, sababu na ndani yetu iko mwingine wenye kuusukuma."

Tairi za gari alizitia bar mbili. Tukisafiri pamoja aliongeza kidogo. "Sababu weye uko muzito," alinitania. Nami nilimwambia chai yake inapoa.

Siku hizi hakuna wa kunitania. Watoto wako Kolwezi, wananipigia simu, wanauliza kama nimekula, nasema nimekula, basi. Nyumba imenyamaza hadi nasikia friji ikiwaka na kuzimika. Ule upepo wa mbinguni sasa nausikia pa kichwa, tena vizuri kabisa. Upweke ni mzigo, asikudanganye mtu.

Misa ilipokaribia, nilinunua manometa sokoni, kwa kuwa ile yake iliondoka na sanduku. Nikaichomeka kwenye tairi la kwanza kama nilivyomwona akifanya. Sindano ikaruka, ikasimama kwenye ishirini na nane.

Ishirini na nane, na mimi maisha yangu yote ya ndoa nimesikia mbili tu. Nikakumbuka alivyonisimulia chupa ya chuma ya upepo wa kupulizia rangi, ya fundi mmoja, ilivyopasuka ikabomoa ukuta. Nikaona gari litalipuka, na nyumba, na mimi mwenyewe, halafu mashemeji wapate la kusema. Nikabonyeza valvu kwa ukucha, upepo ukatoka kwa kelele. Nikazunguka tairi zote nne, kila moja mpaka sindano iliposhuka kwenye mbili. Niliponyoosha mgongo nijipongeze, gari lilikuwa limekaa chini, limelalia rimu.

Hapo nililia, na si kwa sababu ya gari. Upepo ule aliutia yeye, kwa pampu ya mguu, Jumamosi ya mwisho kabla ya kulazwa. Miezi yote hiyo ulikuwa bado mle ndani, na mimi nimeutoa kwa ukucha wangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Upepo ndio usiseme.

Siku moja kabla ya misa nikamwita kwado, yule muziba-mipira ya magari wa pale konani kwetu. Alikuja na pampu yake, akaigeuzageuza manometa yangu mpya, akacheka kwa adabu.

"Mama, hii haihesabu bar. Hii inahesabu PSI. Bar moja inafanya karibu kumi na ine na nusu. Ishirini na nane ni karibu bar mbili. Mipira yako ilikuwa muzuri tu."

Nilimwambia ajaze, asinifundishe. Aliyekuwa na haki ya kunifundisha bar yuko chini ya udongo. Maskini, hakukasirika. Alipampu tairi moja baada ya jingine, jasho linamtoka, na gari likanyanyuka taratibu.

Kwenye tairi la mwisho akasimama kidogo, mkono kwenye valvu. Akauliza bila kunitazama, kama mafundi wa tairi wanavyowauliza wote wenye safari.

"Kesho mutaenda bangapi mu gari, mama?"

Tangu mazishi hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilitaka kusema wawili. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, na uongo huo ungenipa raha, kwa nini nifiche.

"Miye moja tu," nikasema.

Akainama, akabonyeza valvu, akapunguza kidogo.