Salamu za Cynthia

Rafiki yangu Garama alikaa kwangu Jumamosi moja, tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, akinipa habari za mkewe.

Anavyoshona. Anavyochoka. Anavyomgombeza kwa kumwagia rangi vitambaa vya watu.

Mke huyo alikuwa na miezi minne kaburini.

Nitawasimulia ilivyokuwa, na anayetaka kunilaumu anilaumu. Mimi mwenyewe nimejilaumu mpaka nimechoka.

Naitwa Muange. Naishi Mwabungo, nafanya kazi stoo ya hoteli moja Diani, na nikipata upenyo naandika hadithi. Upenyo wenyewe hauko. Mke wangu Jecinta alijifungua mapacha mwezi wa kwanza, na mbele yao kuna Munee wa miaka sita. Pacha mmoja akinyamaza, mwenziwe anashika zamu.

Garama nilisoma naye. Ni mchoraji, tena si wa kubahatisha. Ukifika kwao Kinango ukaona ukuta wa duka una ng'ombe utadhani anakufuata, mkono wake huo.

Miaka sita nyuma tulianza kitabu cha watoto, mimi maneno, yeye picha. Habari za mbuzi aliyegoma kwenda mnadani. Kikakwama. Kilikwama kwangu, nisiwadanganye.

Jumamosi hiyo alibisha hodi bila kupiga simu. Alikuwa amekonda, lakini nani hajakonda siku hizi? Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Mkononi ana bahasha kubwa ya kaki na mfuko wa pojo.

"Cynthia anawasalimu," alisema. "Pojo ni za shemeji Jecinta."

Nilimpakatisha pacha mmoja, nikambeba wa pili, tukaanza kupiga soga.

Akasema Cynthia amepata kazi ya sare za shule mbili, cherehani haipoi. Binti yao Kache ameanza kusoma, basi anasoma kila kitu kwa sauti, hata pakiti ya unga. Yeye mwenyewe huamka alfajiri akachora kabla hawajaamka, maana wakishaamka hakuna kazi tena.

Nami nikamwaga yangu. Usingizi sina. Kazini nasimama siku nzima. Hadithi zinanifia kwenye simu kabla hazijafika katikati.

Alinisikiliza tu. Mtoto akalala kifuani pake.

"Wewe angalau una mtu wa kukushika mkono," nikamwambia. "Mshukuru Mungu kwa Cynthia."

"Namshukuru kila siku," akajibu.

Wakati wa kuondoka alinipa ile bahasha. Picha zote ishirini na nne za kitabu chetu, zimekamilika. Akasema zimekwisha, nikae nazo mimi.

Nilifurahi mno. Nikamwahidi kwamba mwezi huo huo nitamaliza maneno.

Kwetu mgeni husindikizwa. Lakini mapacha walikuwa wameanza kulia wote wawili, nikamuaga pale pale mlangoni. Alisimama kidogo akiitazama nyumba, kisha akaenda zake.

Haikupita saa moja, Jecinta akapiga namba ya Cynthia amshukuru kwa pojo.

Nilimwona anakaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

Aliyepokea ni Thoya, kaka yake Cynthia, anayefanya kazi ya kupanda mikoko kule Gazi. Jecinta alinipa simu.

"Shemeji, Cynthia tulimzika mwezi wa tatu," Thoya aliniambia. "Alifariki akijifungua, na mtoto naye. Kwani Garama hakuwaambia?"

Nilimpigia Garama. Simu imezimwa.

Nikamimina picha zote mezani. Chini kabisa kulikuwa na karatasi. Jina la bibi yake Kache, namba ya simu, darasa analosoma. Na mstari mmoja: *Kitabu kikitoka, nakala ya kwanza mpe Kache. Mwambie baba alimaliza sehemu yake.*

Jecinta aliisoma mara moja tu.

"Toka," akaniambia. "Usikae hapo. Toka umtafute."

Nikampigia Thoya tena, nikamsomea. Akasema kama hakurudi Kinango, basi yuko huko huko Gazi, kwenye mikoko, kwani ndipo alipoonana na Cynthia mara ya kwanza. Nikamsikia anaanza kukimbia, simu bado iko hewani.

Jirani yangu Mbarak ana bodaboda. Sikumweleza kitu, nilimwambia Gazi tu, naye aliponitazama usoni akawasha pikipiki. Njia nzima nilikuwa nikiomba, na kila nikianza sala naisahau katikati.

Tulipofika maji yalikuwa yanajaa. Niliacha viatu sijui wapi. Matope yananishika miguu, mizizi inanichana, nasikia tu sauti ya Thoya anaita.

Garama alikuwa ng'ambo ya miti, amesimama, maji yamefika kifuani. Mtu wa Kinango, hajui kuogelea. Lile shati lake lilikuwa limevimba mgongoni kwa maji.

"Muange, rudi kwa watoto," alisema. Hata hakupaza sauti.

"Sirudi."

"Sitaki uone."

"Basi toka, nisione."

Nilizidi kwenda mbele. Nami kuogelea ni kwa kubahatisha. Thoya akapita upande wa pili. Maji yalipofika shingoni mwangu nilimshika mkono, nikategemea atanisukuma.

Hakunisukuma. Aliinamisha kichwa begani kwangu, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mwanamume mzima.

Tulimtoa, tukaketi kwenye matope sote watatu, tumelowa chapachapa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Saa nne nzima, ndugu yangu.

"Kila ninakokwenda watu wananipa pole," alisema. "Kwako tu ndiko alikokuwa bado hai. Nilitaka nikae naye mara moja, halafu niondoke."

"Ulijuaje kwamba mimi sijui?"

Alinitazama kwa huruma. Yeye ndiye aliyenihurumia mimi.

"Angalia kwenye kundi letu la shule," akasema. "Mwezi wa tatu."

Simu yangu niliiacha nyumbani. Niliporudi naye jioni, Jecinta akamkalisha na kumpa chai, nikaingia chumbani nikafungua kundi, nikarudi nyuma, nyuma, hadi mwezi wa tatu.

Picha ya Cynthia. Amevaa gauni la manjano, pembeni maua. Chini yake maelezo marefu, yanaanza *Kwa masikitiko makubwa*. Halafu pole za watu, moja baada ya nyingine.

Katikati ya pole hizo kuna jibu langu. Nililiandika saa tatu asubuhi, stoo, bila shaka nikiwa natia saini magunia ya viazi. Niliona picha tu.

*Hongera sana shemeji, umependeza.*

Hakuna aliyenijibu. Garama naye hakunijibu. Alisubiri miezi minne, akapiga pasi shati, akaja mwenyewe.

Sasa anaishi kwetu, na Kache amehamia hapa na bibi yake. Kila Alhamisi tunakwenda pamoja Msambweni kumwona mshauri. Kuna siku anachora. Kuna siku hainuki kitandani, nami nakaa hapo kando yake.

Nilimwomba msamaha, akasema yameisha. Kwangu hayajaisha. Jibu lile sijalifuta.

Msiseme mko bize, wapendwa. Sote tuko bize. Picha ya mtu wako ikipita kwenye simu, soma na maneno yaliyo chini yake. Akija kwako amenyooka, anacheka, anakupa salamu za nyumbani, acha mtoto alie kidogo, umsindikize hadi barabarani.