Koti la Studio na Kazi ya Mzee

Kwenye ule mtandao wa watu wa kazi kuna watu wa aina mbili: wenye kazi, na wanaowapongeza. Mimi bado niko sekondari, sina kazi na sijapongeza mtu. Maoni ninayo tu, kwa sababu likizo ya Aprili nilimfungulia mzee wangu ukurasa.

Mzee alikuwa amepima magunia ya mchele kwenye kinu kimoja cha Mwea miaka kumi na tisa. Wakaleta mashine inayopima yenyewe. Akarudi Nyeri na begi moja, akakaa kwenye kochi akitazama habari mpaka tukazijua kwa moyo.

"Wewe si unajuanga hizi vitu za simu," akaniambia siku moja. "Niweke huko watu wanaandikwa."

Tulianza na picha. Karibu na stendi kuna studio yenye koti la kijivu linaloning'inia kwenye msumari, na tai nyekundu iliyokwisha kufungwa, unaipitisha kichwani kama kamba ya ng'ombe. Nusu ya Nyeri imepigwa picha ya pasipoti na koti hilo. Mgongoni limechanika kabisa, lakini picha haichukui mgongo.

Mzee aliitazama picha. "Ati huyo ni mimi?"

Baada ya hapo nikaingiza ujinga wangu. Kupima magunia nikageuza kuwa usimamizi mkuu wa ubora wa nafaka. Nikaongeza "mtaalamu wa kompyuta" kwa sababu kuna siku alitengeneza rimoti kwa kuipiga kofi. Watu wakaanza kujiunga naye, na wawili, haki ya nani, walikuwa ndani ya koti lile lile. Nilicheka mpaka mama akaja kuuliza nimeumwa na nini.

Wiki ya tatu, kampuni moja ya nafaka ya Kerugoya ikaandika. Nikajibu kwa jina lake, kwa Kiingereza changu cha mtihani. Tukaandikiana mara nne, wakamwita. Mama alipiga shati pasi mara mbili.

Alirudi jioni, akavua viatu, akavipanga sawasawa mlangoni.

"Ilikuwa aje, Baba?"

"Walikuwa wapole."

"Na kazi?"

"Waliniweka kwa kompyuta. Wakasema niandike barua, kama zile nawaandikianga."

Nikajimiminia chai.

"Nikakaa," akasema. "Nikaangalia hiyo kitu. Kijana mmoja akakuja akaniuliza, mzee, uko sawa? Nikamwambia niko sawa."

"Si ungewaambia unajua magunia?" mama akauliza.

"Hawakuniuliza magunia."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, majibu ya kugombezwa ninayo mengi, nimeyazoea shuleni. Nilikunywa chai yangu. Sikuhisi kitu cha maana, ni kama mguu ulioukalia ukafa ganzi: unajua ni wako, basi.

Maoni yangu ndiyo haya. Mtandao ule unamfaa anayejua kujisema, au mwenye mtoto mwongo wa kumsemea, na huyo wa pili unamfaa mpaka mlangoni tu. Mzee akiinua gunia upande mmoja atakwambia limepungua kilo ngapi. Hakuna mahali pa kubonyeza hilo.

Asubuhi aliniita. "Toa hizo maneno zako zote."

Nikafuta moja moja nikimsomea. Ikabaki: kupima magunia ya mchele, Mwea, miaka kumi na tisa. Mtandao ukaandika kwamba ukurasa wake ni dhaifu, aongeze ujuzi. Hilo sikumsomea.

"Na picha nitoe?"

Akachukua simu, akaisogeza mbali kidogo na macho.

"Hiyo wacha."

Mpaka leo hakuna aliyeandika tena. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananiambia nimfungulie. Namfungulia, anajitazama ndani ya koti, ananirudishia simu.